Neno Walilomwita Mume Wangu

Jumatano ya pili ya mwezi wa saba mwaka jana, mchana, nilipoteza mume. Alifia hospitalini mjini Singida kwa ugonjwa wa figo, nikiwa nimetoka nje kusuuza kikombe chake. Niliporudi, muuguzi alikuwa amesimama upande wangu wa kitanda, nikajua. Kikombe kilikuwa kimetakata vizuri.

Mume wangu alikuwa na majina matatu: la ubatizo, la baba yake, na la ukoo wao wa huko Iramba. Hapa sitayaandika. Binti yetu ameniomba nisimtaje mtu yeyote kwa jina katika haya ninayoandika, kwa sababu baadhi ya watu nitakaowasema bado tunaazimana ungo. Nimekubali. Lakini neno walilomwita nitaliandika, kwa sababu halikuwa jina. Watu walimwita Akademiki.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba. Neno hilo nililisikia mara ya kwanza siku mume wangu aliporudi kutoka shuleni na ufunguo mpya kwenye kamba. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari ya kata yetu, huku Mtinko. Akaninyooshea ule ufunguo.

"Nimepewa uakademiki," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ni kupanga vipindi, kusimamia mitihani, na kuchukiwa na wenzangu."

Nikamuuliza kama nyumba ya kuishi inaendana na kazi hiyo. Akasema hapana. Basi nikaendelea kuchambua mlenda.

Baadaye ndipo nilipoanza kulielewa. Serikalini cheo kile kinaitwa mwalimu wa taaluma. Ila shuleni Kiingereza ndicho kinachotawala, na kwa kukichanganya na Kiswahili wanasema mwalimu wa akademiki. Wanafunzi hawana muda wa maneno marefu, wakaliacha neno mwalimu, likabaki akademiki peke yake. "Akademiki anakuja!" Darasa zima linanyamaza. Wazazi walilichukua kwa watoto, na baada ya wazazi likaenda mnadani, kilabuni, kanisani. Hata kwenye jumuiya yetu, zamu yake ya kusoma Neno ilipofika, mwenyekiti alisema, "Leo Akademiki atatusomea." Na yeye akasoma.

Lilipofika kwa watu wote likaanza kufanya kazi nyingine. Mtoto mwenye kichwa chepesi walisema ana akademiki. Mfugaji mmoja jirani yetu alikuwa na beberu aliyejua kurudi nyumbani peke yake kutoka malishoni, akamwita beberu akademiki, akakataa kumuuza. Muuza mbegu za alizeti alikuwa akipaza sauti, "Hii mbegu ya kiakademiki, mama, ukipanda hulii!" Tuliipanda. Ilikuwa mbegu kama nyingine. Na wanywaji wakishindwa kwenye ubishi walikuwa wakisema, "Usituletee akademiki hapa, sisi tunaongea mambo ya kweli."

Mume wangu aliyasikia yote haya bila kucheka wala kukasirika. Jioni moja alinifungulia kamusi akaniambia maana yake. Ni neno la kueleza mambo ya elimu ya shule na vyuo: mwaka wa masomo, vyeti, utafiti, mambo ya namna hiyo. Linaeleza elimu. Mwalimu wa kata haitwi hivyo. Halafu akanionyesha maana nyingine chini yake. Waingereza wanalitumia pia kwa swali ambalo hata likijibiwa halibadilishi kitu. Wakati ule tulikuwa tunabishana kama uwele wetu ungestawi lau tungeupanda wiki moja mapema. Mvua ilikuwa imeshakwisha na uwele umeshakauka.

"Sasa huu ubishi wetu," akasema, "ni wa kiakademiki."

"Kwa hiyo nimeshinda?"

"Hakuna aliyeshinda. Ndiyo maana yake."

Tuliishi hivyo miaka mingi. Halafu shuleni akaja mkuu mpya, na mkuu mpya akataka nafasi ile ishikwe na mwenye shahada. Mume wangu alikuwa na stashahada. Hakukuwa na ugomvi. Alikabidhi ofisi kwa mwalimu binti aliyekulia Mwankoko, akarudi nyumbani bila ufunguo, akala, akasema, "Yule binti anaijua kazi." Nilimtazama kuona kama anasema kweli. Alikuwa anasema kweli. Hakuwa na uwezo wa kusema lingine.

Shida ilikuja baadaye. Cheo kilihama lakini neno halikuhama. Wazazi waliendelea kuja nyumbani kwetu na watoto wao, tena wengine wakipita mbele ya mlango wa ofisi ya yule binti wakija kwa mume wangu. Nilikuwa nayasikia haya mazungumzo nikiwa jikoni, na yalikuwa yaleyale.

"Akademiki, shikamoo."

"Marahaba. Akademiki siku hizi ni yule mwalimu binti. Mimi ni mwalimu wa jiografia tu."

"Sawa Akademiki, nimekuelewa. Sasa huyu mtoto wangu hesabu zinamkataa, tumfanyeje?"

"Mpeleke kwa Akademiki."

"Si ndiyo nimemleta!"

Wengine walidhani anatania. Wakawa wanacheka, wanampiga begani. "Akademiki bwana, una vituko!" Yeye hakuwa na vituko hata kimoja. Alikuwa anavaa shati, anatoka, anamsindikiza mzazi mpaka shuleni kwa yule binti, kisha anarudi. Siku nyingine alifanya hivyo na homa.

Siku moja nilimwambia awaache wamwite watakavyo, neno halimuumizi.

"Mimi haliniumizi," akasema. "Lakini yule mwalimu binti anapita hapo hapo njiani, anasikia. Ni kama nimevaa koti la mtu na mwenyewe ananitazama."

Niliona kweli nayo ni hiyo.

Alipolazwa nilikaa naye. Daktari alikuwa ameagiza kipimo kingine cha damu, nikamuuliza mume wangu kama majibu yatatoka kesho yake. Akasema, "Hata yakitoka, yatakuwa ya kiakademiki." Nikacheka kwa sababu maana yake nilikuwa naijua. Kisha nikaacha kucheka kwa sababu hiyo hiyo.

Akaniambia nisogee.

"Siku ya kunizika, usiwaache waniite Akademiki. Nataka jina langu. Kwenye tangazo, kwenye jeneza, kwenye msalaba."

"Sawa."

"Sema unaniahidi."

"Nakuahidi."

Akafumba macho, akasema ana kiu. Nikampa maji, akanywa kidogo. Hayo ya kiu ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, maana baada ya pale alilala, na baada ya kulala ikawa ile habari ya kikombe.

Mdogo wake anaishi Unyambwa, alikuwa ameshafika hospitalini. Tulipanga kwamba mimi nishughulike na mambo ya mochwari, yeye atangulie Mtinko atoe tangazo, maziko yawe Ijumaa. Yeye kule kwetu hamjui mtu. Nilimwambia amtafute mwenyekiti wa kitongoji, na katekista. Mwenyekiti alikuwa ameenda mnadani kuuza mbuzi, katekista alikuwa kwenye kigango kingine cha parokia. Basi shemeji akatumia akili yake. Alikodi kijana wa bodaboda mwenye spika, yule anayetangaza viatu vya mtumba na dawa za kuku, wakazunguka naye Alhamisi asubuhi. Na kwa vile siku ile ilikuwa ya mnada, wakatangaza sana mnadani.

Kabla ya kutangaza alinipigia kuniuliza aseme nini. Nikamwambia ataje majina yote matatu, na kwamba maziko ni Ijumaa, Mtinko. "Tu?" akauliza. Nikasema tu. Yeye mwenyewe akaongeza kwamba marehemu ni mzaliwa wa Iramba. Neno mwalimu hatukuliweka. Hatukulikataa. Hatukulikumbuka tu.

Nilifika nyumbani Alhamisi saa nne asubuhi. Nyumba yetu iko pembeni, karibu na mawe makubwa, jirani wa kwanza yuko mbali kidogo. Nilikuta turubai limeshafungwa na viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari. Wote waliokuwepo ni shemeji, mkwe wake, na yule kijana wa turubai, ambaye alikuwa amekalia kiti kimoja anangoja kupewa chai.

Tukangoja. Nilikuwa nimetandika mkeka ndani, nimekaa kama anavyokaa mfiwa. Lakini ukikaa kama mfiwa bila mtu wa kukupa pole unakuwa umekaa tu. Nikainuka nikachemsha chai. Kule kwetu mfiwa hapiki. Mimi nilipika, kwa sababu asingepika mwingine, na kijana wa turubai alikuwa ameanza kutazama jiko.

Mchana ulipopanda shemeji alikuja mlangoni. Mikono ilikuwa na vumbi jekundu. Huko nyuma ya nyumba walikuwa wameanza kuchimba kaburi wenyewe, yeye na mkwe wake. Pale kwetu juu ni mchanga, chini kidogo ni mwamba. Kaburi huchimbwa na vijana wengi wa kitongoji, wanapokezana sururu na mtaimbo, wanataniana, na kazi inakwisha. Watu wawili hawalimalizi.

"Shemeji," akasema, "watu hawaji."

"Tangazo limepita?"

"Limepita mpaka kijana amekauka sauti. Nilikuwa nyuma yake kwenye pikipiki. Mnadani wale watu wananisikiliza, halafu wanaendelea kupima vitunguu. Mzee mmoja kaniambia poleni wageni."

"Poleni wageni?"

"Poleni wageni. Shemeji, hawamjui. Tumetangaza mtu wasiyemjua. Sema Akademiki. Neno moja. Kabla sijamaliza kusema hilo kaburi litakuwa limechimbwa."

"Kaka yako alinikataza."

"Alikukataza, lakini hakujua kwamba watu hawatakuja. Angejua angekuruhusu."

"Inawezekana. Lakini hakuniruhusu."

Akakaa kwenye kizingiti. Yeye ni fundi pikipiki, mtu wa kutengeneza kitu kikaenda. Alijaribu tena.

"Basi tuseme hivi. Tangazo litaje jina lake, halafu liseme, aliyejulikana kama. Hapo hujamwita wewe. Umesema tu walivyomwita wao."

"Nimeahidi kwamba tangazo litakuwa na jina lake."

"Na litakuwa nalo!"

"Likiwa na yote mawili, wewe unadhani watalibeba lipi?"

Alijua watalibeba lipi. Mimi pia nilijua alichokuwa anakiogopa, nikawa nakiogopa mimi zaidi yake: kwamba kesho jeneza litashushwa kwenye gari, tutakuwa sisi wanne na katekista, na kamba za kushushia jeneza zitakosa mikono. Mtu aliyeishi na watu kiasi kile, akazikwa kama aliyeokotwa njiani. Nilifikiri kwamba labda niliahidi vibaya. Sikuona kwamba hilo linanitoa kwenye ahadi.

"Nenda kachimbe," nikamwambia. "Nami nitakuja kuzoa udongo."

"Wewe ni mjane, huwezi kwenda kaburini kuzoa udongo."

"Basi nipe ndugu wengine wa kuzoa."

Akaondoka. Nilikuwa nimeshachukua karai, nimefika nje, nilipomwona mama jirani yetu akipita njiani akitoka mnadani. Huyu ndiye tunayeazimana ungo. Alikuwa na dagaa kwenye ndoo, na kamba mpya ya kufungia ng'ombe ameivaa shingoni. Aliona turubai akasimama, akafurahi.

"Heee! Mama mwalimu! Mahari leo, mmetuficha?"

"Sio mahari. Ni msiba."

Uso ukabadilika. Akaweka ndoo chini, akaja kunishika mkono.

"Pole mama. Msiba wa nani?"

Nikamtajia majina yote matatu.

"Eee. Ndiye yule waliyemtangaza mnadani. Nimesikia. Kumbe ni ndugu yenu wa Iramba? Pole sana. Akademiki anajua? Au bado yuko hospitali hamjamwambia?"

Sikulijibu lile. Nilisema, "Ni mume wangu."

"Ndiyo, ndugu wa mume wako. Pole."

"Mama, nimekutajia jina la mume wangu. Mume wangu ndiye aliyefariki."

Alinitazama. Akatazama turubai, na viti, na karai niliyoshika. Nilikuwa najua atakachofanya baada ya pale. Sikupanga, lakini nilikijua, na sikumziba mdomo. Ahadi yangu ilikuwa juu ya nitakachosema mimi.

"Akademiki?" akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaweka mikono kichwani akapiga yowe. "Akademiki jamani! Uuuwi! Ni Akademiki! Wamemtangaza kwa jina la mtu mwingine!"

Lile yowe lilifika mahali ambapo spika haikufika. Watu walikuwa ndio wanarudi kutoka mnadani, njia imejaa. Mmoja alimwambia mwingine. Haikupita muda nikaona wanaume wanakata shamba wakija moja kwa moja, wengine bado wameshika mifuko ya chumvi. Vijana walipita pembeni yangu bila kusalimia wakaenda nyuma kuchukua sururu mikononi mwa shemeji. Wanawake waliingia ndani, wakaninyang'anya karai, wakanikalisha mkekani. Mmoja aligusa sufuria ya chai. "Nani kapika hii?" Nikasema mimi. Wakatazamana, wakalia upya.

Wengine walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mzee mfugaji, mwenye yule beberu, alikuja mpaka mlangoni akapiga fimbo yake chini.

"Mwanangu, mmetufanyia nini? Nimesimama mnadani nabishana bei ya ndama, na huyo kijana na spika yake ananipita masikioni, nami nasema Mungu awasaidie hao wageni. Kumbe aliyekufa ni wangu!"

"Shikamoo baba. Ndilo jina lake."

"Marahaba. Najua ndilo jina lake. Ila sisi tulikuwa hatulijui."

Nikamweleza alivyoniomba. Alisikiliza, akauliza, "Alisema hivyo kwa mdomo wake?" Nikasema ndiyo, na aliniahidisha. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Hata kufa ametusahihisha," akasema, akaenda kukaa na wanaume wenzake. Nikamsikia kule anawaeleza, na mmoja anauliza, "Sasa tutamliaje?"

Jioni mwenyekiti wa kitongoji naye alikuja, amekwisha kuuza mbuzi wake, amevaa koti. Yeye ndiye angeongoza shughuli kesho. Nilimwomba kitu kimoja, kwamba pale kaburini litajwe jina peke yake.

"Nitajitahidi mama," akasema. "Ila ulimi umezoea."

"Ukitaka kuteleza, sema mwalimu."

"Hilo naliweza."

Binti yetu alifika Ijumaa asubuhi akitokea Tabora. Alikuta watu wengi kuliko viti, akaniuliza mbona msibani kila mtu anamwita baba kwa majina yote matatu kama mahakamani. Ni kweli walikuwa wanafanya hivyo. Wanawake jikoni walikuwa wamefundishana, sasa wakawa wanaogopa kukosea. "Wali wa wachimba kaburi la," halafu majina matatu, "uko wapi?" Hata mimi niliona mume wangu amekuwa mgeni kidogo. Sikuyasema hayo kwa mtu.

Mchana jeneza likaletwa. Mwenyekiti akasimama.

"Ndugu waombolezaji, tumekutana hapa kumsindikiza mpendwa wetu Aka," akasita, akafuta jasho, "mwalimu. Mwalimu wetu." Kisha akataja majina taratibu, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilimshukuru kwa macho.

Akakaribisha wawakilishi wa shule. Mkuu alikuwa safarini, akamtuma yule mwalimu binti wa Mwankoko. Alisimama mbele ya kaburi akiwa amevaa gauni jeusi na viatu vya shule. Akasalimia wazee kwanza, vizuri. Kisha akasema yeye ndiye mwalimu wa taaluma, yaani akademiki wa shule.

Kukawa na minong'ono. Bibi mmoja, aliyekaa mbele kwa sababu hasikii vizuri, akamuuliza jirani yake kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Akademiki si yuko hapo ndani?" Akanyoosha kidole kwenye jeneza.

Watu wakainamisha vichwa. Niliona mabega ya mwenyekiti yanatikisika, sikujua kwa kilio au kwa kicheko, na yeye mwenyewe nadhani hakujua. Yule binti akasubiri. Akamgeukia bibi.

"Bibi, mimi pia niliambiwa hivyo nilipofika hapa. Kila niliyemwambia mimi ni akademiki aliniambia akademiki yuko, anakaa kule kwenye mawe. Siku ya kwanza nilipoingia ofisini alinipokea mwenyewe. Nikamwambia, shikamoo Akademiki, maana ndivyo nilivyosikia. Akanijibu, mimi naitwa," akataja jina lake la ubatizo, "akademiki ni wewe. Akanipa ufunguo. Toka siku ile sijamwita vingine. Wazazi waliokwenda kwake aliniletea kwa miguu yake. Mara nyingine nilikuwa namwona dirishani anakuja na mzazi, anatembea polepole kwa sababu ya ugonjwa, nami natamani nimwambie aache. Sikumwambia. Nilikuwa nawahitaji wale wazazi."

Akakunja karatasi aliyokuwa ameishika, ambayo hakuisoma, akakaa.

Katekista akaongoza sala. Alipotaja jina, watu waliitikia. Sikusikia wakinong'ona. Shemeji na wenzake wakashika kamba, na wa kushika walikuwa wengi, wengine wakakosa nafasi. Msalaba ukasimikwa. Umeandikwa majina yote matatu na hakuna kingine.

Watu walikaa nasi siku za matanga, wakala, wakaosha vyombo, wakaondoka. Binti akarudi Tabora. Nikaanza kupiga alizeti peke yangu, kazi tuliyokuwa tukiifanya wawili, mmoja akipiga na mwingine akipepeta. Ukiwa peke yako unapiga kwanza zote, halafu ndipo unapepeta. Inachukua muda lakini inakwisha.

Wiki kadhaa zikapita. Alasiri moja nilikuwa napepeta nje, nikasikia hodi. Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya bwawa, yuko na binti yake mwenye sare ya shule. Nilimkumbuka, alikuwepo kwenye maziko, ndiye aliyekuja na kuni. Tulisalimiana. Nikampa kigoda. Akakaa, binti akabaki amesimama. Nikaendelea kupepeta kidogo, nikiwa nangoja aseme lililomleta.

"Huyu anatakiwa achague masomo ya kidato cha tatu," hatimaye akasema. "Yeye anataka sayansi. Baba yake hataki. Nikasema ngoja tukaulize."

"Mkamuulize nani?"

Akafunua mdomo, akaufunga. Akatazama mlango wa nyumba yetu.

"Jamani," akasema. "Kumbe nimekuja huku. Kaka zake wote wawili niliwaleta hapa. Nimetoka nyumbani, miguu imekuja yenyewe. Nisamehe mama."

"Hakuna kosa."

"Nilikuwepo siku ile. Nimemzika kwa macho yangu."

"Najua. Ulileta kuni."

Binti wa watu alikuwa anachora vumbi kwa kiatu. Nikafikiri kwamba mume wangu hapo angekuwa ameshaingia ndani kuvaa shati ili awasindikize. Nikaangalia alizeti zilizobaki, nikaangalia gauni langu, nikaona halifai kwenda shuleni.

Wakati naweka ungo chini, yule mwalimu binti akatokea barabarani na baiskeli akitoka shule, mkoba umefungwa nyuma. Mama wa ng'ambo ya bwawa alimwona. Akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, kisha mimi tena. Nilielewa anachoniuliza.

"Ndiye huyo," nikamwambia. "Mwite, anapita."

Akasimama, akasafisha koo. Akaweka kiganja pembeni ya mdomo.

"Akademiki!" akaita. "We Akademiki! Tusubiri!"

Yule binti akafunga breki. Akageuka, akashuka kwenye baiskeli akaja akiikokota mpaka uani, akainama kidogo akasema, "Shikamooni." Tukasema marahaba.